Moteri ilitangulia, freni ikafuata: historia ya Kombi

Wengi kati yenu mumeisha kuona picha yake. Gari ya mviringo mbele, rangi mbili, nyeupe juu na nyekundu ao buluu chini, herufi V na W kubwa katikati ya uso, na vijana wenye nywele ndefu wamekaa juu yake na gitaa. Iko ku tisheti, iko ku kalenda, iko mu filamu. Ndani kuna kitanda, kabati na jiko dogo: ni nyumba juu ya magurudumu. Ni Volkswagen Kombi.

Historia ya gari hii imeandikwa mara mingi, lakini karibu kila mara watu wanaandika juu ya moteri na juu ya uhuru: ilienda wapi, ilibeba nani, ilikimbia namna gani. Leo nataka tuisome kwa upande wenye hauonekani ku picha: freni. Kila gari iko na historia mbili, ile ya kukimbia na ile ya kusimama. Kwa Kombi, ile ya pili njo inaeleza mambo mingi: kwa nini watu wanaoipenda wanabishana mpaka leo, na kwa nini kiwanda cha mwisho kiliacha kuitengeneza mu 2013.

1. Ilizaliwa kwa kubeba mizigo

Tarehe 23 Aprili 1947, Ben Pon, mfanya biashara wa Uholanzi mwenye kisha alikuja kuuza gari za Volkswagen inchini kwake, alichora gari mu kitabu chake cha mfukoni. Ilikuwa kama sanduku: moteri nyuma kabisa, shofere mbele kabisa, katikati mzigo. Mule kiwandani Wolfsburg, Ujerumani, alikuwa ameona kigari cha kubebea vyuma chenye wafanyakazi walijitengenezea wenyewe na vipande vya Coccinelle. Wazo lilitoka pale.

Miaka mitatu kisha, mwezi wa Machi 1950, gari ilianza kutoka kwa wingi. Jina lake la kazi lilikuwa Type 2, juu Type 1 ni Coccinelle. Wajerumani waliipa jina la utani Bulli. Brazil na Afrika ya Kusini walishika jina Kombi, lenye limefupishwa kutoka ku neno refu la Kijerumani, Kombinationskraftwagen, maana yake gari ya kazi mbili: watu na mizigo.

Moteri yake ya kwanza ilikuwa na sentimita kyubu 1131 na nguvu za farasi 25. Pikipiki moja kubwa ya leo inaipita mbali. Gari tupu ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilibeba karibu kilo 750. Mbio zake hazikupita sana kilometa 80 kwa saa, tena ku barabara ya tambarare. Kupanda mlima ilikuwa ni kazi ya uvumilivu.

Kwa gari ya namna ile, freni haikuwa swali kubwa. Mwenye kuenda polepole anasimama bila shida. Lakini mwaka wa 1951 kampuni Westfalia, ya Wiedenbrück, ilianza kuuza sanduku la kutia ndani ya Kombi: kitanda cha kufunua, kabati, fasi ya kupikia. Mchana gari inabeba mzigo, siku ya konje inabeba jamaa. Mwisho wake vitu vile vikabaki ndani kwa daima: mbao, magodoro, matanki ya maji, stovu, na baadaye paa la kuinuka. Gari ya kazi ikawa gari ya safari ya mbali. Na safari ya mbali iko na milima.

2. Kusimama ni kutengeneza joto

Mbele ya kuendelea, tukumbuke freni inafanya nini. Watu wa Goma na Butembo hawahitaji somo refu, wako na chukudu. Mtu wa chukudu mwenye amepakia magunia ya viazi akianza kuteremka, anakanyaga kipande cha mpira chenye kinagusa gurudumu la nyuma. Mpira unasugua, gurudumu linapunguza mwendo, na mpira unapata moto mpaka unanuka. Hapo umeisha kuelewa freni zote za dunia. Nguvu ya mwendo haipotei. Inageuka joto, na lile joto lazima liende fasi fulani.

Mwaka wa 1902, Louis Renault wa Ufaransa aliweka mu gari freni ya ngoma: gurudumu linabeba chuma cha mviringo kama ngoma, na ndani yake kuna vyuma viwili vya upinde vyenye kuvalishwa kitu kigumu cha kusugua. Ukikanyaga, vile vyuma vinapanuka na kushika ngoma toka ndani. Ngoma iko na akili moja nzuri: ikizunguka, inavuta chuma cha upinde na kukikaza zaidi, kwa hiyo mguu wa shofere unasaidiwa bure.

Hapo mwanzo watu walivuta freni na kamba za chuma. Shida ya kamba ni kwamba moja inalegea, ingine inakaza, na gari inavutwa upande. Mmarekani Malcolm Loughead, ule mwenye jina lake liligeuka Lockheed, alileta njia ya mafuta, na mu 1921 gari Duesenberg Model A ilitoka na freni za mafuta ku magurudumu yote ine. Hapa tunarudia ile sheria ya Blaise Pascal yenye wengi walijifunza mu fizike: ukisukuma mafuta yenye yamefungwa ndani ya bomba, presha inafika sawasawa fasi zote. Pedali inasukuma silinda kuu, mafuta yanakimbia mu mabomba, silinda ndogo za kila gurudumu zinafungua vile vyuma vya upinde kwa nguvu moja.

Kombi ilikuwa na freni za mafuta toka siku ya kwanza. Si jambo dogo, juu Coccinelle ya bei ya chini iliendelea na kamba mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa hiyo tusiseme kwamba wale maenjenieri hawakufikiri. Walifikiri vizuri, kwa gari ya farasi 25.

3. Hesabu kidogo, kwa wenye kupenda hesabu

Tuchukue Kombi ya kulala yenye jamaa na vyombo ndani, uzito wote kilo 1800. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara mbio mara mbio. Ku kilometa 40 kwa saa, inabeba karibu kilojuli 111. Ku kilometa 80, kilojuli 444. Ku kilometa 110, kilojuli 840. Angalieni vizuri: kutoka 40 kuenda 80, mbio inaongezeka mara mbili, lakini kazi ya freni inaongezeka mara ine. Na kutoka 80 kuenda 110, tofauti ya kilometa 30 tu, kazi inakaribia kuwa mara mbili tena.

Kuchemsha lita moja ya maji kutoka digri 20 mpaka 100 kunaomba karibu kilojuli 335. Maana yake, kusimamisha ile Kombi mara moja ku mbio 80 ni kama kuchemsha lita moja na kidogo. Bado ni sawa, vyuma vinavumilia.

Sasa tuende mu mlima. Kule Austria kuna barabara ya Grossglockner yenye ilifunguliwa mu 1935, inapanda mpaka mita 2504. Wajerumani wengi wenye kuenda konje walivuka milima ya Alps kwa barabara za namna hiyo, watu wa kaskazini wakitafuta jua la Italia. Ile Kombi yetu ya kilo 1800 ikishuka mita 1000 bila kuongeza mbio, inapashwa kuondoa karibu kilojuli 17,600. Ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, bido mbili na nusu za lita 20. Upepo unachukua sehemu. Moteri nayo inachukua sehemu, kama shofere anashuka na vitesi vya chini. Yenye kubaki, yote inaingia mu freni.

Na ngoma ni chombo kimefungwa. Joto linaingia mbio, linatoka polepole. Ngoma ikipata moto inapanuka, inakimbia vyuma vya upinde; kile kitu cha kusugua kinapoteza nguvu ya kushika; shofere anakanyaga zaidi na anapata kidogo. Kama mafuta ya freni ni ya zamani, yamekunywa unyevu wa hewa, na yanaweza kuchemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanavumilia digri 230 na zaidi, lakini yakiisha kunywa maji kipimo kinaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka, mvuke unaingia mu bomba, na mvuke unakubali kufinywa. Mguu unaenda mpaka chini na gari haisimame. Ile sheria ya Pascal haijavunjika, ni sisi tulibadilisha mafuta kuwa hewa.

4. Farasi zinaongezeka

Watu waliomba Kombi ikimbie zaidi, na Volkswagen iliwasikiliza. Mu 1954 moteri ilifika farasi 30. Mu 1960, farasi 34. Mu 1963 ikaja moteri ya 1500, farasi 42, na pamoja nayo ruhusa ya kubeba tani nzima. Mu 1967 Kombi mpya yenye kioo kimoja kikubwa mbele ilitoka na moteri ya 1600, farasi 47. Mu 1971 ikapata moteri ya 1700, farasi 66. Mwaka wa 1975 ilikuwa imefika lita mbili, farasi 70.

Someni ile liste tena na mukumbuke ile hesabu ya mbio mara mbio. Kwa karibu miaka makumi mbili ya kwanza, moteri ilipanda ngazi baada ya ngazi, na mzigo pia. Freni ilikuwa inafuata: ngoma ziliongezwa upana, silinda ziliongezwa. Lakini ilibaki namna moja ya freni, na mabomba yake yote yalitoka mu silinda kuu moja yenye njia moja tu. Maana yake nini? Bomba moja likipasuka, hata lile la gurudumu moja la nyuma, mafuta yote yanamwangika na pedali inakufa kwa magurudumu yote ine. Inabaki tu freni ya mkono, yenye inavuta magurudumu mawili ya nyuma kwa kamba.

Na kwa Kombi shofere anakaa mbele kabisa. Hakuna moteri mbele ya magoti yake. Kuna chuma chembamba, kioo, na ile herufi nzuri ya V na W.

5. Siku mbili zenye hazisherehekewi

Mashabiki wa Kombi wanajua siku ya kuzaliwa yake. Mimi ningependa wajue pia tarehe zingine mbili.

Ya kwanza ni mwezi wa Agosti 1967. Ile Kombi mpya ilipata silinda kuu ya njia mbili: njia moja kwa magurudumu ya mbele, ingine kwa ya nyuma. Moja ikivuja, ingine inaendelea kushika. Hapa lazima tuseme kitu juu ya Marekani, soko kubwa la Volkswagen wakati ule. Mu 1965 Ralph Nader alitoa kitabu Unsafe at Any Speed, chenye kilishitaki viwanda vya gari kwamba vinauza uzuri na mbio na kuacha usalama. Mwaka wenye ulifuata, 1966, rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya usalama wa gari, na kanuni za kwanza zilianza kazi tarehe 1 Januari 1968. Kati yake kulikuwa kanuni ya freni, na njia mbili za mafuta zilikuwa ndani. Sasa fikirini: uhuru wa wale vijana wenye gitaa, wenye hawakupenda serikali, ulikuwa unalindwa na karatasi ya serikali.

Tarehe ya pili ni mwezi wa Agosti 1970. Kombi ilipata disiki mbele. Disiki ni sahani ya chuma yenye inazunguka wazi mu upepo, na plaketi mbili zinaifinya kushoto na kuume kama vidole viwili. Joto linatoka upesi juu hakuna kitu kimelifunika. Na sahani ikipanuka kwa moto, haikimbie plaketi, inazisogelea.

Disiki haikuwa kitu kipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hati ya uvumbuzi mu 1902, mwaka ule ule wa ngoma ya Renault! Ilingoja miaka hamsini. Mu 1953, Jaguar zenye disiki za Dunlop zilishinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, juu shofere aliweza kuchelewa kukanyaga freni, saa ine za usiku na saa sita za mchana vilevile. Mu 1955 Citroën DS ilileta disiki mu gari ya watu wa kawaida. Kombi iliingoja miaka kumi na tano tena.

Disiki iko na kasoro moja: haijisaidie kama ngoma. Inaomba mguu wenye nguvu, njo maana mara mingi inapewa servo, kifaa chenye kinatumia uvutaji wa hewa wa moteri kusaidia mguu. Mu Kombi, moteri iko nyuma na pedali iko mbele, basi bomba la hewa linatembea urefu wote wa gari. Vilevile, freni za mbele zikiwa na nguvu, lazima za nyuma zipimwe, zisikamate magurudumu na kugeuza gari. Volkswagen iliongeza kifaa cha kupunguza presha ya nyuma. Freni ni mupango muzima, si kipande kimoja.

6. Wenye kuitengeneza leo

Tufike sasa ku wakati wetu. Ulaya na Marekani, Kombi za kulala za miaka ya 1950 na 1960 zimekuwa mali ya bei kali. Watu wanazinunua zimeoza, wanazishona chuma kwa chuma, wanatafuta rangi ile ile ya zamani. Na hapo kuna ubishi mkubwa.

Kikundi cha kwanza kinasema: gari ya 1962 ibaki ya 1962. Ukiitia disiki, umeharibu ushahidi. Hata magurudumu yanabadilika, na ni kweli: mpaka 1970 tundu tano za gurudumu ziliwekwa ku duara ya milimita 205, lakini gari zenye disiki zilikuja na duara ya milimita 112. Ukichukua freni za gari ya nyuma na kuziweka vile zilivyo, vyuma vya magurudumu vya zamani havikubali tena. Uso wa gari unageuka.

Kikundi cha pili kinasema: barabara ya 1962 haiko tena. Mbele yako kuna gari yenye ABS na disiki ine. Ikisimama ghafla, wewe na ngoma zako utasimamia ndani yake. Tena wengi wametia moteri ya nguvu, hata ya Subaru yenye kupita farasi 100, mu gari yenye freni za farasi 34.

Mafundi wenye akili wanafuata ngazi. Kwanza, kurudisha ile freni ya zamani ku hali yake: mipira ya mabomba mipya, silinda mpya, mafuta mapya, vyuma vya upinde kurekebishwa ku kila gurudumu. Gari mingi zenye watu wanasema hazisimame ni gari zenye hazijaangaliwa. Pili, silinda kuu ya njia mbili. Haionekane toka inje, haigeuze uso wa gari, lakini inaokoa. Tatu, disiki za mbele. Siku hizi kunauzwa zenye kutengenezwa na tundu za milimita 205, kwa hiyo magurudumu ya zamani yanabaki. Ine, servo, kama mguu unaiomba. Na pine nzuri mbele ya yote, juu freni inasimamisha gurudumu, lakini pine njo inasimamisha gari.

Kuna kitu kingine chenye kinatugusa na sisi huku. Vitu vya kusugua vya zamani vilitengenezwa na amianti, ile nyuzi ya mawe yenye inaleta kansa ya mapafu. Ujerumani iliikataza mu 1993, na Umoja wa Ulaya wote kuanzia 2005. Vumbi la ngoma ya zamani halipulizwe na kinywa wala na hewa ya kompresa. Linalowanishwa, linapanguswa, kitambaa kinatupwa. Mwambieni kila fundi munayemujua.

Sheria nazo hazifanani. Ujerumani, gari ya miaka 30 na zaidi inaweza kupata namba yenye herufi H, ya gari za historia, toka 1997. Lakini inaendelea kupimwa, na freni mpya lazima iwe na karatasi. Uingereza, toka Mei 2018, gari nyingi zenye kupita miaka 40 haziombwe tena kupimwa kila mwaka, kama hazijabadilishwa sana. Maana yake pale yote imewekwa mu roho ya mwenye gari.

7. Brazil, Desemba 2013

Ujerumani iliacha kutengeneza ile Kombi ya kioo kimoja mu 1979. Brazil iliendelea. Kule São Bernardo do Campo, karibu na São Paulo, kiwanda kilianza mu 1957 na kilitoa zaidi ya milioni moja na nusu. Kombi ilikuwa gari ya posta, ya masomo, ya soko, ya kubeba wafanyakazi. Mwisho wa 2005 ilipata hata moteri mpya ya kupozwa na maji, karibu farasi 80, mu mwili wenye ulichorwa mu miaka ya 1960.

Mu 2009 Brazil iliweka kanuni kwamba kuanzia 2014 kila gari mpya ndogo itoke na mifuko ya hewa na ABS. ABS, yenye Bosch na Mercedes-Benz waliingiza ku soko mu 1978, inasikiliza kila gurudumu na kulegeza freni kwa kitambo kidogo sana wakati gurudumu linataka kukamata, ili shofere aweze kukanyaga na kukata kona pamoja. Kombi haikupangwa kwa vitu vile. Serikali ilijadili hata kuipatia ruhusa ya kuchelewa, kwa kuogopa kazi za watu wa kiwanda. Lakini mwezi wa Desemba 2013 ya mwisho ilitoka. Waliitolea mupango wa kuaga, gari 1,200, rangi mbili, na pazia ku madirisha.

Moteri haikuiua, watu waliendelea kuinunua, na bei yake ilikuwa ya chini. Gari yenye iliishi miaka zaidi ya 60 ilisimamishwa na swali la freni na la kulinda mtu mwenye kukaa mbele.

8. Sisi tunachukua nini

Wengine watasema: ndugu, wewe ni wa agronomie, Kombi ya Wazungu inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya kila siku. Gari mingi zenye zinatubeba zilitengenezwa kwa barabara ingine na mzigo mwingine. Zinafika kisha miaka makumi mbili, tunaongeza viti, tunaongeza magunia juu ya paa, halafu zinateremka mlima kama ule wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Ile hesabu ya bido za maji haijali kama ni Austria ao ni Kivu. Uliza shofere mambo matatu: mafuta ya freni yalibadilishwa lini, mipira ya mabomba iko namna gani, na kama anashukaka na vitesi vya chini. Si utovu wa heshima. Ni maisha ya watu kumi na wanane.

Ya pili inagusa namna tunashika vitu vya zamani. Mu mashamba, mu masomo, mu ushirika zetu, tuko na vitu vyenye wazee walitengeneza vizuri kwa wakati wao. Wengine wanataka tuvitupe, wengine wanataka visiguswe hata kidogo. Wale mafundi wa Kombi wamepata njia yao: uso wa gari unabaki, kitanda kinabaki, rangi mbili zinabaki, lakini silinda kuu yenye njia moja inatolewa, juu haikuwa uzuri wa gari. Ilikuwa tu mwisho wa yale watu walijua mu 1950.

Na kuna deni moja la kulipa kila mara tunapoongeza kitu. Volkswagen iliongeza farasi na mzigo mu 1963, na disiki ilikuja mu 1970. Miaka saba katikati, watu walishuka milima na bahati yao. Sisi pia tunapenda kuongeza: projet kubwa zaidi, kopo kubwa zaidi, hekta zaidi, mbolea zaidi. Ukiongeza mbio mara mbili, jiulize kama uko na freni mara ine. Kama haiko, anza na ile ngazi ya kwanza ya fundi: angalia zile uko nazo, badilisha mafuta, kaza zile zimelegea. Farasi zitangoja.